Rangi inakataa kwenye dumu, seli zitakubali vipi kwenye fuvu la plastiki?

SWALI: Mimi ni fundi rangi hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Naandika majina ya mitumbwi, napaka matangi na madumu. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka jana. Madaktari walitoa kipande cha fuvu ili kuokoa ubongo, na sasa wanataka kuziba ile nafasi. Wametueleza kuna kipande cha titaniamu na kuna cha plastiki inayoitwa PEEK. Plastiki naijua: rangi haishiki mpaka uipitishie moto. Kama rangi ya kopo inakataa, nyama na mfupa wa mtu vitashika vipi? Halafu hapa Mwaloni watu husema bondo la sangara, yaani ule mfuko wake wa hewa, linapelekwa ng'ambo kutengenezea nyuzi za kushonea wagonjwa. Kama ni kweli, si wangelipaka hilo bondo kwenye plastiki?

JIBU: Pole sana kwa yaliyompata mdogo wako. Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ni mhandisi wa vifaa tiba, na miaka yangu mingi imeishia kwenye polima, yaani plastiki na ukoo wake wote. Nitakujibu kuhusu plastiki. Kuhusu kichwa cha mgonjwa, daktari wa upasuaji ndiye mwenye kauli.

Swali lako nimelipenda kwa sababu moto wako na mashine zetu za maabara vinafanya kazi ileile. Dumu ni polietilini, minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyo na kitu kingine cha kukamatia. Maji yanaikimbia, rangi inakosa pa kushika. Ukipitisha moto upesi, joto pamoja na oksijeni ya hewani hubandika vikundi vidogo vyenye oksijeni kwenye ngozi ya juu kabisa ya plastiki, unene wa nanomita chache tu. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Chini ya hapo dumu ni lilelile. Siku ukipata nafasi, dondosha tone la maji kwenye dumu kabla ya moto. Litajikunyata. Halitakuwa duara kama kwenye jani la gimbi, lakini litabaki limevimba. Pitisha moto, acha lipoe, dondosha tena: litatandaa. Sisi hulipiga picha tone hilo kwa ubavuni na kupima pembe ambayo ukingo wake unafanya na uso wa plastiki. Kwenye PEEK ambayo haijafanyiwa kitu, pembe hiyo huwa nyuzi 80 hadi 90 hivi. Katika majaribio mengi seli za binadamu hushika vizuri zaidi pembe ikiwa ya katikati, tuseme kati ya 40 na 70. Maji yakitandaa kupita kiasi, nazo hupungua kushika, jambo ambalo kwa rangi usingelitegemea.

Sababu ni kwamba rangi inagusa plastiki. Seli haiigusi.

Chukua mtumbwi mpya ulioupaka wewe mwenyewe, ukashushwa majini. Baada ya siku chache tu, ukipitisha mkono chini ya mstari wa maji unakuta utelezi. Utelezi ukishakaa ndipo mwani unaota na konokono wanapanda. Yule konokono hajawahi kukutana na rangi yako. Anatembea juu ya utelezi. Ndani ya mwili utelezi huo ni protini za damu, na haungoji siku. Unaanza kwa sekunde. Kabla daktari hajamaliza kukaza skrubu ya kwanza, kipandikizi kimeshavaa nguo. Seli zinakuja baadaye, baada ya dakika na saa, na kitu zinachokipapasa ni ile nguo.

Nguo yenyewe haitulii. Hutangulia albumini, kwa kuwa ni ndogo na ndiyo nyingi kuliko zote katika damu. Baadaye huja fibrinojeni, kubwa zaidi, ikaing'oa albumini na kukaa mahali pake, kisha protini nyingine humng'oa mng'oaji. Mabadilishano haya yanaitwa kwa jina la Leo Vroman, Mholanzi aliyehamia Marekani, ambaye kwao alijulikana zaidi kwa mashairi kuliko kwa damu. Ukitaka kujua plastiki fulani itapatana vipi na mwili, uliza kwanza ni protini gani zitaikalia, na zitakaa kwa mkao gani.

Huo mkao ndio wenye mambo. Protini ni uzi uliokunjwa kwa ustadi. Sehemu zake zinazochukia maji zimefichwa katikati, zinazoyapenda ziko nje. Ikitua kwenye plastiki inayochukia maji, kama dumu lako, zile za ndani zinaona afadhali zishikamane na plastiki. Protini inafumuka na kulala chali. Sasa, seli ina vipokezi vinavyoitwa integrini, mfano wa kamba zinazoning'inia kutoka kwenye mtumbwi, na protini kama fibronektini ina vigingi vya kufungia kamba hizo. Mwaka 1984 watafiti Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba kigingi chenyewe ni kifupi ajabu: asidi amino (vipande vinavyounda protini) tatu tu zilizopangana, ajinini, glisini na aspatiki. Fibronektini ikikaa vizuri, vigingi vinatazama juu na seli inafunga kamba, inajitandaza, inaanza kazi. Ikifumuka vibaya, vigingi vinazikwa. Na pale ambapo uso unapenda maji kupita kiasi, protini zenyewe hazikai, kwa hiyo hakuna vigingi kabisa. Ndiyo sababu ya ile pembe ya katikati.

Seli za kujenga zikikosa pa kufunga, wanaobaki uwanjani ni askari. Makrofaji, seli zinazokula vitu vigeni, huja kukitafuna kile kitu, hushindwa, huungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, hushindwa tena. Hapo mwili huamua kukizungushia ukuta wa kovu. Ukuta huo ndio jibu la kawaida la mwili kwa plastiki karibu zote.

Je, ukuta ni balaa? Inategemea kitu kiko wapi, na hapa ndipo wengi wanaoandika juu ya "plastiki rafiki wa mwili" wananikera, maana wanasema kana kwamba kushika ni kuzuri kila mahali. Lenzi ya ndani ya jicho hatutaki seli zipande juu yake, zitatia ukungu. Mshipa bandia wa damu hatutaki chembe sahani, zile za kugandisha damu, zigande humo. Akriliki unayoiandikia mabango ya maduka ndiyo aliyoitumia daktari wa macho Harold Ridley huko London, Novemba 1949, kuweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la mtu, baada ya kuona kwamba vipande vya vioo vya ndege za vita vilivyopasukia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuzua vurugu. Sifa ya akriliki ile ilikuwa kunyamaza, si kushika.

Na kunyamaza kwenyewe kuna mitego. John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza, alitengeneza kikombe cha nyonga kwa Teflon, plastiki isiyoshika chochote. Ililika, unga wake ukawasha nyama za wagonjwa, ikabidi vitolewe. Mwaka 1962 akahamia polietilini, binamu wa dumu lako mwenye minyororo mirefu zaidi, na nyonga bandia nyingi duniani bado zina binamu huyo. Plastiki ileile ikiwa kipande kizima mwili unaivumilia. Ikiwa unga, makrofaji wanaimeza na vita inaanza upya.

Turudi kwa mdogo wako. PEEK imekuja kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni ugumu wake. Titaniamu ina ugumu wa gigapaskali 110 hivi, mfupa mgumu wa binadamu 10 hadi 20, PEEK 3 hadi 4. Kwenye uti wa mgongo au paja, chuma kigumu hubeba mzigo wote, na mfupa usiobeba mzigo hukonda. PEEK inauachia mfupa kazi yake. Kwenye fuvu hoja hii haina uzito mkubwa, kwani fuvu halibebi magunia. Huko inayofaa zaidi ni ya pili: PEEK haiharibu picha. CT skani inapita bila zile mistari-mistari ya chuma, na daktari anaweza kuutazama ubongo ulio chini yake miaka yote. Niongeze jambo ambalo wavuvi watalielewa: baadhi ya wenye titaniamu kichwani hulalamika kwamba kwenye jua kali au baridi wanaisikia. Plastiki haipitishi joto namna hiyo.

Kipande hicho hukatwa kwa kipimo cha fuvu lake mwenyewe kutokana na CT skani, kisha hufungwa kwenye mfupa kwa visahani na skrubu ndogo za titaniamu. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: PEEK ya kawaida haishikwi na mfupa, fundi, na umekisia sawasawa. Inashikwa na skrubu, inazungukwa na ule ukuta mwembamba wa kovu, na kwa fuvu hiyo inatosha. Ingekuwa ni kipande cha kuunganisha pingili mbili za mgongo, ningekuwa na wasiwasi zaidi, maana pale mfupa usipokamata, kipande hucheza.

Kwa sehemu hizo zinazohitaji kushikwa ndiyo watu wamehangaika miaka hii yote. Njia iliyo karibu zaidi na moto wako ni plasma. Si ile ya damu, ni gesi iliyopigwa umeme mpaka ikawaka, kama ndani ya taa ya tyubu au kama radi zinazopasua anga usiku juu ya ziwa letu. Unaweka plastiki kwenye chemba, unanyonya hewa, unaingiza oksijeni au amonia kidogo, unawasha. Kwa dakika chache uso umeota vikundi vinavyopenda maji, na bila kuungua. Hata visahani vya plastiki ambavyo maabara duniani kote huoteshea seli hupitishwa kwenye umeme wa aina hii kiwandani. Bila hivyo seli nyingi hazishiki.

Ubaya wake unaujua pia. Ukipitisha moto leo ukapaka rangi wiki ijayo, haiwi sawa. Minyororo ya plastiki haijafungwa. Inajigeuza polepole na kuizika ile oksijeni ndani. Niliwahi kuandaa visahani Ijumaa, umeme ukakatika jengo zima, nikarudi kuvitumia Jumatano bila kupima tone upya. Seli hazikushika, nami nikazilaumu seli kwa mwezi mzima. Tone la maji la shilingi sifuri lingeniambia.

Njia nyingine ni asidi. Asidi ileile ya betri, ila kali karibu bila maji, huitoboa PEEK juu ikawa kama sifongo laini sana ambayo seli zinaweza kuingizia vidole. Inapendeza kwenye hadubini. Lakini mabaki ya asidi yasipooshwa yote, unachokipata ni sifongo linaloua seli, na katika maandiko mengi sehemu ya kuosha hupewa mstari mmoja. Mimi ningeipa ukurasa.

Kuna kupaka juu: titaniamu iliyonyunyizwa ikiwa moto, au haidroksiapataiti, madini yaleyale ya mfupa. Vipande vya mgongo vya PEEK vyenye koti la titaniamu vipo sokoni na vinatumika. Hapa jicho lako la fundi ni kali kuliko la wengi: koti likibambuka? PEEK huyeyuka kwenye nyuzi 343 za Selsiasi, na mwali wa kunyunyizia haidroksiapataiti ni mkali mno kuliko hapo, kwa hiyo kulifanya koti likamate bila kuichoma plastiki ni kazi ya roho mkononi. Koti lililobambuka ni unga, na unga tumeshauzungumza. Ndiyo maana wengine huchanganya madini hayo ndani ya plastiki yenyewe kabla ya kuifinyanga, au huacha matundu ya maikromita mia kadhaa (maikromita elfu moja ni milimita moja) ili mfupa uote ndani na kujifunga wenyewe. Binafsi naamini matundu zaidi kuliko makoti. Hayabambuki.

Halafu kuna kome. Sizungumzii kisiwa chetu cha Kome, nasema mnyama wa baharini mwenye makombe mawili anayeng'ang'ania mwambani hata mawimbi yapige vipi. Gundi yake ina kemikali inayofanana na dopamini, ambayo ubongo wetu nao huitumia kwa kazi nyingine. Mwaka 2007 timu ya mtafiti Messersmith huko Marekani ilichukua dopamini, ikaiyeyusha kwenye maji yaliyoelekea ualkali kidogo, ikatumbukiza humo vitu vya kila aina, Teflon ikiwemo. Baada ya saa kadhaa kila kimoja kilikuwa kimevaa utando wa kahawia uliokamata barabara, na juu ya utando huo unaweza kufunga protini au vile vigingi vya asidi amino tatu. Sijui fundi rangi gani asingeuonea wivu utando unaoshika kwenye Teflon kwa kuchovya tu. Mahospitalini bado haujatamba. Maabara umeenea sana.

Sasa bondo. Bondo kavu kwa sehemu kubwa ni kolajeni, ambayo ndiyo kamba kuu ya ngozi, mfupa na kano zetu pia. Lakini hadithi ya nyuzi za kushonea haina mashiko. Nyuzi za zamani za kuyeyuka mwilini zilitoka kwenye utumbo wa kondoo na ng'ombe, na nyuzi nyingi za leo ni polima za kiwandani. Bondo la ziwani huenda China hasa kuliwa, ni chakula cha heshima. Na mabondo ya samaki yametumika tangu zamani kusafisha bia na mvinyo visiwe na ukungu.

Wazo lako la kulipaka, hata hivyo, si la kijiweni. Kupaka kolajeni kwenye plastiki ni kazi inayofanyika kweli, kwani seli huitambua na kufunga kamba zake moja kwa moja. Kizuizi cha samaki wetu ni joto. Supu ya makongoro ikilala huganda na ukiipasha huyeyuka: ile ni kolajeni iliyokwisha kufumuka. Kila kolajeni ina joto lake la kufumukia, na hufuata joto la mahali mnyama alikoishi. Ya ngozi ya sangara ilipimwa na mtafiti wa Makerere pamoja na wenzake wa Pretoria, kazi iliyochapishwa 2004, wakapata nyuzi 36 hivi. Mwili wa mdogo wako uko 37. Nyuzi moja tu, na koti lako linaanza kufumuka siku linapowekwa. Unaweza kulifunga kwa kemikali likastahimili, ila baadhi ya kemikali hizo zenyewe ni sumu kwa seli, kwa hiyo unarudi kwenye kuosha. Kwa juu ya ngozi, ambako ni baridi kidogo, mambo ni mepesi: madaktari wa Fortaleza, Brazili, wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki yuleyule tunayemwita sato.

Kuna jambo moja sijalitaja na ndilo litakalomhusu mdogo wako kuliko yote haya: bakteria. Mwaka 1987 daktari Anthony Gristina alilieleza kama mbio za kuwania uso. Seli na bakteria wanakimbilia kipandikizi kimoja, na aliyetangulia ndiye mwenye nyumba. Bakteria ni wadogo, maikromita moja, wanazaana upesi, na wakishatangulia hujenga utelezi wao ambao dawa haiupenyi vizuri. Tena uso unaozipendeza seli mara nyingi unawapendeza na wao, ndiyo maana anayekuja na uso "unaoshika sana" mimi humuuliza kwanza unashika nini. Kwenye fuvu, kipande kikitolewa baada ya kuwekwa, mara nyingi chanzo ni maambukizi na si kwamba mwili umeikataa plastiki. Kovu likivimba, likiwa jekundu, likitoa majimaji, au akipata homa, msisubiri wala msipake kitu. Mrudisheni siku hiyohiyo.

Mkienda kwa daktari, muulize kwanza kama kipande cha fuvu lake mwenyewe kilihifadhiwa, maana wakati mwingine hutunzwa kwenye friza au chini ya ngozi ya tumbo na kurudishwa, ingawa mfupa uliorudishwa nao unaweza kuliwa na mwili taratibu. Kama haupo, kati ya titaniamu na PEEK zote mbili zina rekodi nzuri. PEEK kwa kawaida ni ghali zaidi, na kwa tundu dogo sioni sababu ya familia kuuza mtumbwi kwa ajili yake. Tundu likiwa kubwa, au kama atahitaji picha za ubongo mara kwa mara, ningeiangalia PEEK. Msikubali maelezo kwamba moja "inashikana na kichwa" na nyingine haishikani. Zote mbili zitategemea skrubu.

Na hadi siku hiyo ifike, sehemu ile ya kichwa haina ukuta. Asipande bodaboda, asiende kwenye mtumbwi wakati wa upepo, na mwombeni daktari kofia ya kinga inayofaa; helmeti ya kawaida inaweza kubana palepale pasipo na mfupa.